Kuvuka mpaka kwa gari ukiwa na chakula: kipi kinapita, kipi kinabaki kwenye pipa la forodha

Njia Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Msimu wa likizo ukikaribia, swali moja haliishi: "Nasafiri kwa gari kwenda nchi jirani, nimeshanunua vyakula vya wiki nzima, nitapita navyo?" Na jibu linaloungwa mkono na wengi ni lile la "mimi nilipita na nyama, hakuna aliyeniuliza". Hilo si jibu. Huyo hakuruhusiwa, hakukaguliwa tu, na anayemfuata kwenye foleni anaweza kufunguliwa buti yote. Nafungua uzi huu tuwekane sawa. Mwenye uzoefu wa mpaka fulani aongezee.

Kwanza tuelewe kwamba mpakani kapu lako linapita mbele ya watu wawili, hata kama aliyesimama pale ni ofisa mmoja. Kuna mtu wa ushuru, anayetaka kujua umebeba kiasi gani na vina thamani gani. Halafu kuna mtu wa karantini, anayetaka kujua hicho kitu kimetokana na mnyama gani au mmea gani, na wa nchi ipi. Wasafiri wengi hujiandaa kwa yule wa ushuru. "Ni vichache tu, vya kula njiani" ni maelezo mazuri kwake. Kwa mtu wa karantini hayasaidii, maana kipande kimoja cha nyama yenye virusi kinatosha kuangusha mazizi ya mkoa mzima.

Chukulia Umoja wa Ulaya. Ukiingia kwa gari kutoka nchi isiyo mwanachama, nyama na maziwa havipiti, pamoja na bidhaa zake, iwe kilo nzima au vipande viwili ndani ya mkate. (Waliosamehewa ni wachache, kama Uswisi na Norway.) Januari 2021, mara tu Uingereza, iliyokuwa imejitoa kwenye Umoja huo, ilipoanza kuhesabiwa kama nchi ya nje, televisheni ya Uholanzi iliwaonyesha maofisa wa forodha katika bandari ya Hoek van Holland wakiwanyang'anya madereva mikate yenye nyama. Mmoja aliomba aachiwe angalau mkate wenyewe, akaambiwa vyote vinabaki. Wengi walicheka. Mimi nilimhurumia yule dereva, kwa sababu alichobeba kilikuwa halali kabisa wiki chache nyuma na pengine hakuna aliyemwambia.

Upande wa mimea ni mkali vilevile. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, karibu kila tunda, mboga, ua au mbegu inayoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, hata kama iko kwenye begi la abiria. Matunda yaliyoachwa huru ni matano tu: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Mkate, keki, biskuti, chokoleti na tambi zisizo na nyama ndani vinapita bila maneno.

Msimamo wangu ni huu: vikavu na vya viwandani pakia, vibichi nunua ukishavuka, na chochote kilichomo kwenye gari kitaje kabla hujaulizwa mara ya pili. Karibuni.

Kapu Zito

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Lakini hapo kwenye nyama naomba ufafanuzi. Nyama yangu nimenunua supamaketi, imefungwa vizuri, tarehe haijaisha, ina muhuri wa mkaguzi. Hiyohiyo nakula nyumbani na watoto wangu, hatujawahi kuumwa. Iweje ikivuka mstari mmoja iwe hatari?

Zizi Kubwa

Ndugu Kapu Zito, swali lako ndilo kiini cha uzi wote, naomba nilijibu kwa urefu kidogo maana kazi yangu ni ya mifugo na jambo hili linanigusa.

Muhuri wa mkaguzi unamlinda mlaji. Unasema nyama haitakudhuru wewe. Mpakani swali si hilo. Magonjwa yanayoogopwa sana mpakani mengi hayamgusi binadamu kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi mtu hata akila nyama ya nguruwe aliyekuwa nayo. Lakini virusi vyake vinavumilia sana: vinakaa miezi ndani ya nyama iliyokaushwa kwa chumvi, na kwenye nyama iliyogandishwa vinaweza kukaa miaka. Kwa hiyo soseji kavu unayoiona ni salama kwa kuwa haiozi, kwa virusi ni kama ghala.

Sasa fuata safari ya kipande hicho. Umekula nusu, umesimama eneo la kupumzikia madereva, umetupa kilichobaki kwenye pipa lisilo na mfuniko. Usiku nguruwe pori wanakuja kufukua. Mwaka 2007 ugonjwa huu uliingia Georgia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya chakula kutoka melini yaliwafikia nguruwe waliokuwa wakijitafutia. Kutoka hapo ukasambaa Urusi, ukaingia Umoja wa Ulaya 2014, ukafika China Agosti 2018. Septemba mwaka huohuo ukaibuka kwa nguruwe pori wa Ubelgiji, mbali mno na eneo lolote lililokuwa na ugonjwa wakati ule. Nguruwe pori hasafiri mamia ya kilomita kwa mkupuo. Mwenye gari anasafiri. Ndiyo sababu maeneo ya kupumzikia kwenye barabara kuu za Ujerumani yamewekwa mabango ya lugha nyingi yakiwaomba madereva wafunge mabaki ya chakula kwenye mapipa yenye mfuniko.

Ugonjwa wa miguu na midomo ndio huo mwingine. Uingereza mwaka 2001 waliua mifugo zaidi ya milioni 6, na uchunguzi wa serikali uliishia kwenye shamba moja la nguruwe lililolisha mabaki ya chakula yasiyochemshwa inavyotakiwa, huku nyama iliyoingizwa nchini kinyume cha sheria ikishukiwa kuwa chanzo. Ukishajua hilo, huwezi kushangaa kwamba mwaka 2025, ugonjwa ulipoonekana Ujerumani mwezi Januari na kisha Hungary na Slovakia mwezi Machi, Uingereza ilifunga mlango. Tangu 12 Aprili 2025 msafiri anayetoka Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuingia Great Britain (yaani England, Scotland na Wales) na nyama ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, wala maziwa, siagi na jibini, hata vikiwa kwenye pakiti ya dukani au ndani ya mkate. Kwa England faini inaweza kufika pauni 5,000.

Nimeona wafugaji wakilia mbele ya zizi tupu. Tafadhali, soseji moja isiwe sababu.

Kapu Zito

Nimekuelewa mkuu, kwa kweli sikuwahi kulitazama upande wa mfugaji. Muhuri unamlinda mlaji, mpaka unalinda zizi. Asante sana.

Foleni Haisogei

Mimi niseme ukweli, naona mnatia watu woga. Nimevuka mara nyingi, na nilichojifunza ni kwamba ukianza kutaja vitu ndipo unapovutwa pembeni, gari linafunguliwa, saa nzima inakwenda. Anayekaa kimya anapita. Kwa nini mtu ajitafutie usumbufu?

Njia Ndefu

Ndugu Foleni, kwa heshima kabisa, hapo sikubaliani nawe, na nitakupa mfano ambao uliandikwa sana kwenye vyombo vya habari.

Mwanzoni mwa 2023 mafua ya ndege yalikuwa yamepandisha sana bei ya mayai Marekani. Watu wa El Paso, mji wa Marekani ulio mpakani, wakawa wanavuka kwenda Ciudad Juárez, Mexico, kununua trei za mayai na kurudi nazo. Mayai mabichi kutoka Mexico hayaruhusiwi kwa wasafiri. Forodha ya Marekani ilieleza waziwazi: aliyeyataja mayai yake aliyaacha pale, yakaharibiwa, naye akaendelea na safari bila adhabu. Aliyenyamaza yakakutwa, faini ya kawaida ilikuwa kama dola 300, na kwa vyakula visivyotajwa kiwango cha juu ni dola 10,000. Mayai ni yaleyale, trei ni ileile, ofisa ni yuleyule. Tofauti ni sentensi moja iliyotoka dirishani.

Na hiyo saa unayoisema, mara nyingi haipotei kwa sababu umetaja. Inapotea kwa sababu ofisa hajui kilichomo ndani na wewe hukumsaidia. Ukisema "nina mikate, biskuti, jibini pakiti mbili na mapera manne, yote yako kwenye boksi la bluu nyuma ya kiti," una uwezekano mkubwa wa kumaliza kwa dakika chache. Ukisema "hakuna kitu", kisha akaona ganda la chungwa kwenye kishikio cha mlango, hapo sasa ana sababu ya kufungua kila mfuko.

Tairi Nne

Niongezee kwa Foleni. Kwenye mpaka huohuo wa Marekani na Mexico hukamatwa soseji nene za nguruwe zimefichwa chini ya viti na nyuma ya paneli za gari. Maofisa wanajua kila pembe ya gari kuliko fundi. Na mbwa nao wapo. Marekani ilianza kutumia mbwa wa aina ya beagle kunusa vyakula uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 1984, na mbwa hao wanatambua tunda na nyama hata vikiwa ndani ya begi lililofungwa.

Boksi la Barafu

Salaam wote. Matunda mmeyagusa juujuu, na nadhani ndiko wasafiri wengi wanakokwama bila nia mbaya, kwa sababu tunda halionekani kama kitu cha kutaja.

Mtu anasema, "Nimelinunua Canada, Canada na Marekani ni majirani, kwa hiyo litapita." Hapana. Marekani haiulizi ulinunua wapi, inauliza lilistawi wapi. Matunda na mboga zilizolimwa Canada kwa kawaida huingia. Lakini embe au chungwa lililouzwa kwenye duka la Canada halikulimwa Canada, kule hakuna mashamba ya machungwa wala maembe. Limetoka nchi nyingine, na sheria inayolihusu ni ya nchi hiyo nyingine. Ndiyo maana kile kibandiko kidogo kwenye ganda, ambacho tunakibandua na kukitupa, kina thamani mpakani. Kibandiko kinaandika nchi. Ukikibandua, umelifanya tunda lako kuwa tunda lisilo na kwao, na ofisa hana njia ya kulikubali.

Wanachoogopa zaidi ni inzi wa matunda. Jike wa inzi wa Mediterania anatoboa ganda kwa ncha nyembamba na kuacha mayai chini yake. Kwa nje unaona nukta, pengine huoni chochote. Ukilikata baada ya siku kadhaa unakuta funza weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, wakitafuna kuelekea katikati. Wakishiba wanatoka, wanaingia udongoni, wanageuka inzi. Ukilitupa tunda hilo kando ya barabara karibu na bustani ya mtu, kazi imekwisha. California walipambana na inzi huyu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka mwaka 1981 helikopta zikamwaga dawa juu ya makazi ya watu. Ubishi ule ulikuwa mkubwa, na ulimgharimu kisiasa gavana wa wakati huo, Jerry Brown.

Kwa hiyo ndugu zangu, matunda yaliwe kabla ya kizuizi. Na maganda na mbegu visibaki kwenye gari, hivyo navyo ni mmea.

Mama Pacha

Naomba kuuliza wajuzi. Mimi nasafiri na watoto wachanga wawili, siwezi kununua maziwa yoyote tu nikifika, matumbo yao yamezoea aina moja. Nayo yatazuiwa?

Zizi Kubwa

Dada, hapo pana nafuu. Umoja wa Ulaya unaruhusu maziwa ya unga ya watoto wachanga, vyakula vya watoto na vyakula maalumu vya wagonjwa hadi kilo 2 kwa mtu, kwa sharti kwamba havihitaji friji kabla ya kufunguliwa, ni vya kampuni na vimo kwenye pakiti yake ambayo haijafunguliwa, isipokuwa ile unayotumia wakati huo. Uingereza nayo iliacha nafasi kama hiyo kwenye katazo la 2025. Cha muhimu usiyahamishie kwenye makopo ya nyumbani. Ukishayahamisha, ni unga mweupe usio na jina. Beba pakiti yenyewe na maandishi yake, hata kama inachukua nafasi.

Mama Pacha

Ubarikiwe. Hilo la makopo nilikuwa nalifanya kupunguza mzigo, nitaacha.

Senti Tano

Mmezungumzia karantini, mtu wa ushuru mmemsahau. Nami naishi karibu na mambo haya, nitasema machache.

Uswisi ina watu wengi wanaovuka Jumamosi kwenda kununua vyakula Ujerumani, Ufaransa na Italia kwa sababu kwao ni ghali. Hadi mwisho wa 2024 mtu aliruhusiwa bidhaa za faranga 300 kwa siku bila kodi ya ongezeko la thamani. Tangu 1 Januari 2025 imeshushwa hadi faranga 150 kwa kila mtu, na ukizidisha, unalipia thamani yote, si ile ziada tu. Nyama ina hesabu yake peke yake: kilo 1 kwa mtu kwa siku bila ushuru, na baada ya hapo ni faranga 17 kwa kila kilo hadi kilo 10. Kuna watu wananunua kilo tano za nyama ya bei nafuu, kisha ushuru unazidi bei ya nyama yenyewe. Piga hesabu ukiwa bado dukani.

Norway hali ni kama hiyo. Wanavuka kwenda Sweden, hasa Strömstad kupitia Svinesund, na kiwango cha nyama na jibini kutoka nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya ni kilo 10 kwa jumla kwa mtu, si kilo 10 za nyama na nyingine 10 za jibini. Viazi usithubutu, Norway haitaki viazi vya wasafiri.

Risiti zote ziweke pamoja, juu, si chini ya mizigo. Bila risiti ofisa anakadiria yeye.

Tairi Nne

Hapa kuna jingine linalowapata wanaokwenda mbali: nchi ya kupita tu. Mtu anatoka Seattle kwenda Alaska kwa barabara. Anaanzia Marekani, anaishia Marekani, kwa hiyo anapakia friji nzima. Katikati kuna British Columbia na Yukon, yaani Canada. Kwa forodha ya Canada wewe ni mtu unayeingiza chakula nchini mwao, haijalishi unakwenda kulala wapi. Na ukifika mpaka wa Alaska unaanza upya: unaingia Marekani ukitokea nchi ya nje, na hata tunda ulilonunua Marekani linaweza kuzuiwa kama huwezi kuonyesha asili yake. Safari moja, ukaguzi mara mbili. Panga chakula kwa vipande vya njia, si kwa safari nzima. Mimi hufunga ramani na orodha ya manunuzi pamoja, naona kabisa mji wa mwisho kabla ya mpaka na mji wa kwanza baada yake wenye duka kubwa.

Foleni Haisogei

Sawa, nimesoma yote. Kwenye kutaja mmenishawishi, ule mfano wa mayai hauna ubishi. Lakini basi mtu atajuaje? Kila mpaka una lake, na zinabadilika.

Njia Ndefu

Hapo umesema kweli, na ndilo gumu la jambo hili. Zipo sheria ambazo huwezi kuzibahatisha kwa akili ya kawaida. Marekani hawaruhusu yai la chokoleti lenye kichezeo ndani, lile la Kinder, kwa sababu sheria ya chakula ya 1938 inakataza kitu kisicholiwa kufungiwa ndani ya peremende. Singapore imekataza kuingiza chingamu tangu 1992, na kutoka Johor Bahru, mji wa Malaysia ulio mpakani, ni mwendo wa daraja tu. Nani angeyajua hayo bila kusoma?

Na kubadilika kunaweza kuwa kwa ghafla. Aprili 2025 Austria ilifunga vivuko vidogo kadhaa vya mpaka wake na Hungary na Slovakia kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, wakati hizo zote ni nchi ambazo watu walishazoea kuvuka bila hata kupunguza mwendo. Aliyesoma sheria mwezi mmoja kabla alikuwa na habari iliyopitwa.

Ninavyofanya mimi: siku moja au mbili kabla ya kuondoka nafungua ukurasa wa forodha wa nchi ninayoingia, na ukurasa wa wizara yake ya kilimo, kwa sababu mara nyingi katazo la magonjwa huanzia kwa watu wa kilimo. Nasoma sheria ya nchi ninayoingia, si ya ninayotoka. Halafu nasoma na ya kurudi, maana watu hujiandaa kwenda na kusahau kwamba kurudi nako ni kuvuka. Kama bado nina shaka na kitu, nakiacha nyumbani au nakitaja. Hakuna njia ya tatu ninayoipendekeza.

Kapu Zito

Swali la mwisho kutoka kwangu, wakuu. Chakula nilichopika mwenyewe, wali na mchuzi wa nyama kwenye chombo cha kutunza joto, cha kula njiani?

Zizi Kubwa

Kinahesabiwa kama nyama. Tena ni kigumu zaidi kukitetea kuliko cha dukani, kwa kuwa hakina pakiti, hakina nchi, na hakuna anayeweza kuthibitisha kilipikwa kwa joto gani. Wali mtupu kwa kawaida hauna shida, mchuzi ndio wenye shida. Simameni eneo la mwisho la kupumzikia, kuleni pale mkiwa mmetulia, osheni chombo, na mabaki yaende kwenye pipa lenye mfuniko. Mkifika kwa ofisa muwe mmeshiba.